Mnyauko wa migomba kwenye parseli: namna ya kuusimamisha

Wiki hii nimemsaidia mama mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, ambaye migomba yake ilikuwa inanyauka mmoja baada ya mwingine. Kazi ni hii.

1. Hakikisha ugonjwa. Pasua ndizi iliyoiva kabla ya wakati: ndani ina rangi ya kutu. Kata mgomba, ngoja kama robo saa. Mgomba ukitoa usaha wa manjano, ni mnyauko wa bakteria. Ukiona mistari ya kahawia-nyekundu bila usaha, na majani ya chini yamekauka yakaning'inia kama sketi, huo ni wa kuvu, shughuli yake ni nyingine.

2. Kata mgomba mgonjwa peke yake, usawa wa udongo. Using'oe shina zima pamoja na watoto, yaani machipukizi yake. Bakteria hawawafikii wote. Dawa ya kunyunyiza usinunue, hakuna inayoponya.

3. Panga. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Ugonjwa unasafiri ndani ya utomvu uliobaki kwenye chuma: umekata mgonjwa, halafu unakwenda kukata majani ya kufunikia sufuria kwenye mgomba mzima, tayari umeuambukiza. Kwa hiyo panga lipite motoni kila unapohama mgomba, hata kama ni hatua mbili tu. Kwangura utomvu kwanza, kisha choma pande zote mbili mpaka huwezi kuligusa, lakini usilifikishe kuwa jekundu, makali yatalegea. Mpini wa plastiki utayeyuka, tafuta wa mti. Mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, iwe pale pale unapofanyia kazi. Ikibaki jikoni, utachoka kwenda na kurudi na utaanza kuruka migomba. Wengine wanatumia javel, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa tano za maji. Inaua, lakini ikichafuka kwa udongo au kukaa juani inapoteza nguvu, na inakula chuma. Mimi nabaki na moto. Kisu cha jikoni na jembe navyo vichomwe. Kibarua akija na panga lake, lipite motoni kabla hajagusa kitu, hata akinuna.

4. Vunja ua dume, lile fundo linaloning'inia chini ya mkungu, mara chane ya mwisho inapojitokeza. Nyuki na wadudu wengine ndio wanaobeba bakteria kutoka ua hadi ua. Tumia mti mrefu wenye panda, zungusha mpaka livunjike. Panga hapana.

5. Mabaki yarundike pembeni yaoze, mbuzi wasiyafikie.

6. Pita kila wiki. Watoto wengine wataonyesha dalili baadaye. Kata hao tu, kwa panga lililochomwa. Jirani akiomba mche wa kupanda, mwambie asubiri, hata kama mtoto anaonekana mzima.