Injini ya Trekta Imechoka: Uifanyie Ovaholi au Uweke Nyingine?

Trekta ikianza kutoa moshi wa bluu na kudai oili kila asubuhi, fundi atakwambia injini imekwisha. Usimbishie, ila usikubali kushusha injini siku hiyo hiyo. Moshi mweusi mara nyingi ni chujio la hewa lililoziba au nozeli mbovu. Mweupe unaotoka wakati wa kuwasha tu, kisha ukapotea, ni dizeli ambayo haijaungua. Wa bluu ndio wa kuogopa.

Injini ikiwa ya moto na inaunguruma polepole, fungua kifuniko cha kumiminia oili. Mvuke kidogo si neno. Ikipuliza kwa mapigo na kukurushia matone ya oili mkononi, basi gesi inapenya kwenye ringi za pistoni. Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Mbili zilizo jirani zikiwa chini na nyingine nzima, shuku gasketi ya silinda hedi kabla ya kushuku pistoni.

Uamuzi wenyewe unatoka kwenye krankshafti, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na bloku. Krankshafti ipimwe kwa maikromita. Ikiwa imeshachongwa hadi saizi ya mwisho ya beringi zinazopatikana, au bloku ina ufa, ovaholi ni kutupa pesa. Vikiwa vizima, mimi hufanya ovaholi bila kusita, hasa kama injini ina silivu za maji, yaani mirija ya silinda inayochopekwa kwenye bloku na kuzungukwa na maji ya kupoza: zinavutwa na mpya zinaingia bila kuchonga bloku. Kuweka ringi mpya kwenye silivu iliyolika ni kujidanganya, moshi utarudi.

Wanaotaka kufunga injini ya lori husahau jambo moja. Kwenye trekta nyingi bloku ndiyo uti wa mgongo: ekseli ya mbele imefungwa mbele yake, geaboksi nyuma. Injini ya lori haikuundwa kubeba mzigo huo, kwa hiyo itabidi uchomelee fremu. Tena shafti ya PTO, ile inayozungusha mashine zinazofungwa nyuma ya trekta, hufika mizunguko 540 kwa dakika pale tu injini ikiwa kwenye kasi iliyopangiwa. Ukibadilisha injini, hesabu hiyo inavurugika.

Injini iliyotumika ya modeli ileile ni habari nyingine. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, ili uione ikiwaka ikiwa baridi. Ukiigusa ukaikuta tayari ina joto, rudi kesho yake alfajiri.

Na silivu zisinunuliwe, wala beringi, kabla vipimo havijaandikwa kwenye karatasi.