Jinsi ya kumjua jogoo anayeficha weupe

Kuku wangu hapa Makunduchi wanajitafutia nje kutwa, kwa hiyo vifaranga weupe siwataki: kunguru huwaona mwanzo. Tabu ni kuwa jogoo mwekundu na mtetea mweusi wanaweza kuzaa weupe.

Kila kuku ana nakala 2 za jeni ya rangi, ya baba na ya mama. Zamani kipande cha kirusi kilijipenyeza ndani ya jeni hiyo, ikashindwa kutia rangi kwenye manyoya, ingawa macho hayakudhurika. Nakala mbovu ikikaa na nzima, hulala, wala huijui. Zikikutana mbovu mbili, kuku mweupe.

Kishingo, yaani kuku wa shingo isiyo na manyoya, yeye hahitaji kupimwa, maana jeni yake ya shingo huonekana kwa macho. Akiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo, ana nakala moja ya jeni hiyo ya shingo, ataigawa kwa kama nusu ya watoto. Shingo ikiwa tupu kabisa, anazo mbili, na watoto wote watakuwa vishingo.

Kumpima jogoo wa rangi kama anaficha weupe, mtafutie mtetea mweupe wa kuzaa naye, ambaye wazazi wake wote wawili walikuwa na rangi. Narudia, wote wawili! Mweupe wa kisasa atakudanganya, maana weupe wa wengi wao ni mwingine, unaotawala: watoto watatoka weupe hata jogoo akiwa safi, nawe utamchinja bure.

Mtenge mtetea wiki 3 kabla, kwani mbegu za jogoo wa mwanzo hukaa tumboni mwake wiki 2 hata 3. Kisha wafungie wawili peke yao. Mayai ya siku za mwanzo kapikie. Yanayofuata mpe koo yeyote anayetaka kulalia, siku 21. Wakianguliwa usikimbilie kusoma rangi, ngoja waote manyoya.

Akitokea mweupe hata mmoja, basi, jogoo anaficha. Wakitoka 7 wote wa rangi, uwezekano wa kuwa amekuponyoka ni 1 kati ya 128. Mie hapo humwachia mitetea.

Aliyegundulika si mgonjwa, na mchuzi wake mtamu vilevile. Ukiamua kubaki naye, asiwapande binti zake, maana kama nusu yao wameibeba nakala ile ile, na huko ndiko weupe unakozaliwa.