Jinsi ya kuwa paramediki hapa Marekani, kuanzia makaratasi mpaka leseni

Kama uko Marekani na kibali cha kazi, umefikisha miaka 18, na unataka kutoka kwenye CNA (msaidizi wa muuguzi) uende mbele uwe paramediki, yule mhudumu wa ngazi ya juu kwenye ambulensi, njia hii iko wazi na uraia hauhitajiki. Ila jamani, wenzetu wengi wanakwama kwenye makaratasi kabla hata ya kuonja darasa, ndo maana nitakaa sana hapo.

Uparamediki hauanzi moja kwa moja, unapita EMT kwanza, yaani mhudumu wa dharura wa ngazi ya chini yake. EMT ni kozi ya kama saa 150 hivi, komyuniti koleji nyingi wanaimaliza kwa semista moja, unajifunza kukandamiza kifua, kuzuia damu, kutoa oksijeni, kuzalisha mama wa dharura, lakini dripu na dawa nyingi bado hugusi.

Kabla ya kuomba, panga majina. Sisi grini kadi ina majina matatu, leseni ya udereva mawili, cheti cha fomu foo kimeanza na la baba. Chagua jina lililo kwenye kitambulisho chako cha serikali na ulitumie hilohilo chuoni na kwenye akaunti yako ya NREMT (shirika la kitaifa linalotoa mtihani na sertifiketi), maana siku ya mtihani yasipolingana wanakurudisha mlangoni na hela imeenda. Cheti cha nyumbani kipeleke mapema kikafanyiwe tathmini, inachukua wiki kadhaa.

Halafu chanjo. Hospitali haikupokei bila surua, tetekuwanga, homa ya ini B na kipimo cha TB, na ile homa ya ini ya dozi tatu inakula kama miezi 6, so anza leo. Kama ulichanjwa utotoni na kadi imepotea usihangaike kupiga simu nyumbani, omba kipimo cha damu kinachoonyesha kinga, kinakubalika sehemu nyingi. Ongeza kadi ya CPR (kufufua mtu moyo ukisimama) ya wahudumu wa afya, kipimo cha madawa ya kulevya na kuchunguzwa rekodi ya polisi.

Ukimaliza kozi ya EMT unafungua ombi NREMT, unalipia, chuo kinathibitisha kwamba umemaliza, unapata barua ya ruhusa, unabuku kiti Pearson VUE, kampuni yenye vituo vya mtihani. Maswali ni kati ya 70 na 120 na kompyuta inaamua yenyewe ikukatie wapi, ikizima kwenye la 70 usipanik, haimaanishi umefeli. Ukifeli kweli unasubiri siku 15 unarudia.

Sasa paramediki wenyewe. Kabla hujalipa hata senti hakikisha programu ina ithibati ya CAAHEP (shirika linaloidhinisha programu za afya), au ina barua rasmi kwamba iko njiani kuipata, bila hivyo NREMT hawakupi mtihani, na kuna watu wanakuja kushtukia mwishoni, inauma sana. Vyuo vingi vinataka uwe umesoma anatomia na fiziolojia kwanza. Yote ni zaidi ya saa 1,000, mwaka mmoja mpaka miwili.

Darasani utasoma dawa, hesabu za dozi na kusoma ECG (mchoro wa umeme wa moyo). Kliniki unazungushwa emergensi, leba, watoto, ICU (wagonjwa mahututi), na chumba cha upasuaji ambako unasimama kichwani kwa mgonjwa aliyeshalazwa usingizi, daktari wa usingizi yuko begani kwako, unaingiza mpira wa kupumulia kwenye koo huku ukiangalia nyuzi za sauti zisikupotee. Kila ulichofanya kiingize kwenye mfumo na msimamizi asaini siku hiyohiyo, akibadilisha shifti kumpata tena ni kazi.

Mwisho ni fildi, kwenye ambulensi, na hapa wewe ndo kiongozi wa timu: unaongea na mgonjwa, unaamua dawa, unapiga simu hospitali, preseptor, yaani paramediki mzoefu anayekusimamia, anakutazama tu na kuingilia ukikosea. Kama Kiingereza chako ni cha upole, fanya mazoezi ya kutoa ripoti ya redio kwa sauti, umri wa mgonjwa, shida, vipimo, ulichompa, sekunde 30 umemaliza. Hapa ndo wengi wetu tunaonekana hatujui kumbe tunajua.

Mtihani wa NREMT wa paramediki ni maswali 110 mpaka 150. Ukipita usiende kazini bado, ile ni sertifiketi tu, leseni inatoka jimboni, na ni ombi lingine na ada nyingine, mara nyingi na alama za vidole tena. Sertifiketi ni ya miaka 2, kuirenew unahitaji saa 60 za masomo, kwa EMT ni 40, hivyo tunza kila cheti cha semina kuanzia siku ya kwanza kazini.