Propela ya kurudi na mzigo

Juzi mpwa wangu alinipigia simu kutoka Kizingitini, Lamu. "Shikamoo mjomba. Nataka propela ya mwendo." Nikamwitikia, kisha nikamuuliza: mwendo wa kwenda au wa kurudi? Akacheka, akadhani namtania.

Boti ya uvuvi ina uzito wa aina mbili. Alfajiri inatoka nyepesi. Jioni inarudi na nyavu zilizolowa, samaki, na maji ndani ambayo hakuna aliyejitolea kuyakumba. Propela huchaguliwa kwa hiyo safari ya pili.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Kwenye mashine yangu ya nguvu za farasi 40 nilifunga propela ya pichi 13 (pichi nitaieleza hapo chini), kwa sababu tu jirani alinipita nayo pale Shela. Ikiwa tupu, boti iliruka kweli. Siku moja tukatoka Kiwayu tumejaa, kusi imetukabili usoni, mashine inanguruma lakini haipandi. Nami nikazidi kuikamua. Plagi zikajaa masizi, na mwishowe pistoni ikakwaruzika. Pesa nilizomlipa fundi zingeninunulia propela mbili na chenji ikabaki.

Basi anza kwa kusoma namba zilizochongwa kwenye propela yako. Ukikuta 11⅜ x 12, ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, ya pili ni pichi, yaani masafa ambayo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao na yenyewe ni skrubu. Maji si mbao, kwa hiyo sehemu ya masafa hayo hupotea, na boti nzito hupoteza zaidi. Kwa Yamaha kuna pia herufi mwishoni. Hiyo lazima ilingane na ya propela yako ya zamani, ama haitaingia.

Sasa fungua kitabu cha mashine, utafute mizunguko inayotakiwa mafuta yakifunguliwa mpaka mwisho. Tuseme kimeandika 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Kama boti haina mita ya mizunguko, kuna kifaa kidogo kinachozungushiwa waya wa plagi. Azima kwa fundi.

Usijaribu boti tupu. Jaza maji madumu ya lita 20. Kila moja ni kilo 20, kwa hiyo kumi ni kilo 200 za samaki wasiooza. Yapange pale pale unapoweka samaki, si yote tezini, yaani nyuma. Chukua watu unaokwenda nao kila siku, wafupi kwa wanene. Toka asubuhi bahari ikiwa shwari, fungua mafuta yote kwa dakika moja hivi, usome mita. Ukitaka na mwendo wa GPS, pima kwenda na kurudi, maana mkondo wa bamvua hudanganya.

Nilipojaribu hivyo na ile 13, nilipata 4,400. Inchi moja ya pichi ikipungua huongeza kama mizunguko 150 hadi 200. Nikashuka hadi 11: na mzigo 4,800, tupu 5,300. Pande zote mbili nimo ndani ya kitabu. Nikiwa tupu jirani bado ananipita, na apite.

Ukizidi kushuka, boti tupu itapita kiwango cha juu, na hilo nalo huua mashine. Propela ya mapanga manne hushika maji vizuri kwenye mawimbi, ila hupunguza mizunguko kidogo, kwa hiyo ipime upya.

Chuma kisichoshika kutu au alumini? Anayepita mfereji wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yametoka anunue alumini. Ikigonga, panga hupinda au kuvunjika, gia ikasalimika. Chuma ni kigumu, na pigo kubwa linaweza kufika kwenye gia. Ndani ya kitovu kuna mpira. Ukishaachia, mashine hulia na boti haiendi, watu wakalaumu gia bure. Piga mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje. Mistari ikiachana, mpira umeteleza.

Kabla ya kutoa pesa, tazama bapa lililo juu ya propela. Liwe sawa na chini ya boti au chini kidogo tu. Mashine ikikaa juu mno, propela hula hewa kila ukikata kona, na hakuna pichi itakayotibu hilo. Boti za mbao zenye mkuku mnene huchafua maji mbele ya propela. Hapo ishushe kidogo zaidi.

Ile 13 sikuiuza. Iko chini ya benchi pamoja na nati, washa na spliti pini za akiba ndani ya kopo la grisi. Mpwa wangu ataijaribu Ijumaa kabla hajanunua yake. Nimemwambia madumu aje nayo mwenyewe.