Kutuni PID ya joto kwenye rikta ndogo: joto likiyumba taratibu, usikimbilie kupunguza gaini

Wakuu, nimekaa siku mbili na mdogo wangu mmoja wa kike, yuko mwaka wa mwisho chuo, projekti yake ni baiodizeli. Mafuta machafu anachukua kwa muuza chipsi pale Mwenge, na kichocheo nacho anakitoa hapohapo, maana chipsi mayai zinaacha maganda ndoo nzima kwa siku, anayaosha, anayakausha, anayasaga, anayachoma kwenye tanuru la nyuzi 900 yanageuka kalsiamu oksaidi. Kibanda kimoja kinampa malighafi na kichocheo, mi nimeipenda sana hiyo.

Kilichomsumbua sio kemia, ni kontrola ya joto, ile ya PID: P inaisukuma hita kwa kosa la sasa hivi (tofauti ya joto lililopo na namba uliyoseti), I kwa makosa yaliyojilimbikiza, D kwa spidi ya kosa kubadilika. Gaini ni ukali wa hita kuitikia kosa, na kutuni ni kuchagua namba hizo. Ameseti 60, joto linapanda mpaka 66, linashuka mpaka 55, linapanda tena. Methanoli, ile inayochanganywa na mafuta kupata baiodizeli, inachemka 64.7, kwa hiyo kila likipita hapo kondensa (kipoozeo kinachorudisha mvuke kuwa kimiminika) inafanya kazi kama bomba la mvua. Na yeye anataka kulinganisha spidi ya mmenyuko kwenye 50, 55 na 60 ili apate nishati ya uamilisho (kizingiti cha nishati cha kuanzisha mmenyuko). Sasa piga hesabu: ukichukulia kJ 60 kwa moli, digrii 4 tu zinabadilisha spidi kwa kama asilimia 30. Yaani joto likiyumba hivyo, grafu yake inapima kuyumba kwa kontrola na sio kichocheo.

Rikta yenyewe (chombo cha kufanyia mmenyuko) ni ya stenlesi, inabeba mafuta lita 10 na inabaki nafasi, ina hita ya wati 1000 na mota ya kukoroga. Namba zote hapa chini ni za kwake, usizikopi, kopi njia.

Hatua ya 1: Vifaa

Nunua kontrola yenye output ya SSR (swichi ya kielektroniki isiyo na kitu kinachogonga), sio ya relei. Pale Kariakoo zinafanana sura kabisa, soma lebo ya pembeni kabla hujalipa. Ya relei inagonga tak tak tak usiku kucha na inakulazimisha uweke saiko (mzunguko mmoja wa kuwasha na kuzima) ya sekunde 20, ya SSR unaweka sekunde 2 na hita inapata moto laini. Hakikisha pia ina modi ya manyuo, yaani wewe mwenyewe unaamua asilimia ya moto. Mi kontrola isiyo na manyuo siitaki hata ya bure, utaona kwa nini hatua ya 4.

SSR ikifa mara nyingi inakufa ikiwa imefunga, yaani hita inabaki inawaka hata kontrola ikisema sifuri. Weka kata-moto ya kujitegemea (swichi inayokata umeme wa hita joto likizidi) kwenye ukuta wa rikta. Hii sio ya kujadili.

Hatua ya 2: Sensa

Napendelea PT100 (sensa ya platinamu) kuliko themokapo (sensa ya waya mbili za metali tofauti) kwa joto hili. Kama unayo themokapo ya aina ya K, angalia rangi za waya: kwa mtindo wa Marekani nyekundu ni HASI, na kila fundi wa umeme mkono wake unaipeleka chanya. Ukiwasha hita halafu namba ikawa inashuka, umegeuza waya. Hakikisha pia aina ya sensa uliyoichagua kwenye menyu ndo hiyo uliyofunga.

Kile kimrija ambamo sensa inaingia, mwagia mafuta kidogo ndani. Ya huyu dada ilikuwa na hewa tupu, joto linachelewa kama dakika 3 kufika kwenye sensa. Tulipomwagia kijiko kimoja cha mafuta ikawa dakika moja na nusu. Kijiko kimoja tu! Hakuna hesabu ya PID itakayokupa faida hiyo.

Hatua ya 3: Jaza mafuta matupu

Usitumie maji kutuni halafu uje uendeshe na mafuta. Maji yanabeba joto mara mbili na zaidi ya mafuta kwa lita ileile, kwa hiyo rikta itaonekana nzito, utaweka gaini kubwa, ukirudi kwenye mafuta inarukaruka. Na methanoli usiitie bado, tutazidisha joto makusudi.

Hatua ya 4: Jaribio

Weka manyuo. Koroga kwa spidi ileile utakayotumia siku ya kazi. Pasha mpaka 57, halafu peleka output (asilimia ya nguvu ya hita) sifuri na uache kama dakika 10. Kisha ipandishe ghafla mpaka asilimia 50, usiguse kitu tena mpaka ifike 62 hivi.

Kurekodi usiandike kwa mkono, utachoka. Simu iegemeze kwenye kopo, ichukue video ya kioo cha kontrola, baadaye unaisogeza sekunde kwa sekunde unaingiza Eksel.

Unatafuta vitu vitatu. Cha kwanza, hita ikiwa imezimwa joto linashuka kwa spidi gani: yetu 0.3 kwa dakika. Cha pili, ukishawasha, inapita muda gani kabla namba haijaanza kuitikia: hiyo ndo dedi taimu, yetu dakika 1.5. Cha tatu, ikishatulia inapanda kwa spidi gani: yetu 1.1 kwa dakika.

Watu wanachukua 1.1 peke yake, wanakosea. Hita ndo imeigeuza rikta kutoka kushuka 0.3 mpaka kupanda 1.1, kwa hiyo kazi yake ni 1.4. Gawanya kwa 50 unapata 0.028, yaani kila asilimia moja ya hita inaongeza digrii 0.028 kwa dakika. Hiyo namba iandike ukutani.

Hatua ya 5: Hesabu

Kanuni za Ziegler na Nichols za 1942 za kutafuta namba za PID kila mtu anafundishwa darasani, lakini kwa joto la rikta ni kali mno, joto linarukaruka kabla ya kutulia. Mi natumia kanuni za Skogestad za 2003. Kwa chombo kinachojilimbikizia joto taratibu kama hiki:

Gaini = 1 ÷ (0.028 × (1.5 + 1.5)) = 11.9, yaani asilimia 11.9 za hita kwa kila digrii moja ya kosa.

Muda wa I = 4 × (1.5 + 1.5) = dakika 12, yaani sekunde 720.

Ile 1.5 ya kwanza ni spidi ninayoitaka mimi, nimeifanya iwe sawa na dedi taimu. Ukitaka upole zaidi iongeze. D weka sifuri.

Hatua ya 6: Kuingiza namba (hapa ndo siku mbili zilikoenda)

Tukaingiza P = 11.9, I = 720. Joto likatulia lakini kwa uzembe fulani, linavuta mguu, mi nikajua ni dedi taimu tumepima vibaya, tukarudia jaribio lote, namba zikatoka zilezile. Masaa manne yakapotea hapo. Kumbe kwenye hizi kontrola za bei ya chini P sio gaini, ni UPANA wa bendi kwa digrii. P ikiwa 11.9 maana yake hita inatoka asilimia 100 mpaka 0 ndani ya digrii 11.9, na hiyo ni gaini ya 8.4. Ukitaka gaini ya 11.9 unagawanya 100 kwa 11.9, unapata 8.4. Kwetu namba mbili zilikuwa zinakaribiana ndo maana hatukushtuka. Ingekuwa gaini ni 2 na sisi tukaandika 2, tungepata gaini ya 50 na hita ingekuwa inawaka na kuzima kama taa ya disko. Kwenye bendi, namba KUBWA ni upole, namba NDOGO ni ukali. Kwenye gaini ni kinyume. Kontrola nyingine inaandika bendi kwa asilimia ya renji nzima ya sensa, basi soma kile kikaratasi kilichokuja kwenye boksi hata kama maandishi yake yanaumiza macho.

Sasa turudi kwenye lile yumbisho la mwanzo, maana hili ndo nililotaka kuandika tangu jana.

Kabla sijafika, kontrola ilikuwa na namba za kiwandani: bendi 30, I sekunde 240. Joto linayumba, wimbi moja zaidi ya dakika 40. Dada akafanya kile ambacho wote tungefanya, akapunguza makali, bendi akaipeleka 50. Ikawa mbaya zaidi, wimbi likawa karibu lisaa. Akanipigia, "Kaka, naipoza lakini ndo kwanza inazidi kupanda na kushuka, au sensa imekufa?"

Sensa ni nzima. Tatizo ni kwamba rikta yenyewe inalimbikiza, ukitia moto haupotei haraka, unakaa. Na I nayo inalimbikiza, inahesabu kosa la zamani kama mwenye duka anayeandika madeni kwenye daftari. Malimbikizo mawili yakifuatana bila breki, unapata bembea. Breki ni P, kwa sababu P ndo inayoangalia kosa la sasa hivi. Ukipunguza gaini umeachia breki, na muda wa I umebaki uleule mfupi. Lazima bembea izidi.

Kipimo chake ni rahisi. Zidisha gaini × ile 0.028 × I kwa dakika. Jibu likiwa 4 au zaidi, hakuna bembea ya taratibu. Likiwa chini sana ya 4, ipo. Angalia:

Za kiwandani: 3.3 × 0.028 × 4 = 0.37.
Baada ya "kupoza": 2 × 0.028 × 4 = 0.22.
Zetu: 11.9 × 0.028 × 12 = 4.

Kwa hiyo utofautishe yumbisho la aina mbili. Wimbi likiwa fupi, dakika chache tu, linakaribiana na mara nne hivi ya dedi taimu, hapo kweli gaini imezidi, punguza. Wimbi likiwa refu, nusu saa au lisaa, ONGEZA gaini au ongeza I. Najua mkono unakataa. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilipoteza wikiendi nzima kwenye tangi la maji moto nikishusha gaini kidogokidogo, kila nikishusha linazidi, mpaka nikamlaumu mtu aliyefunga hita.

Jambo lingine la kwetu huku: umeme wa jioni. Nguvu ya hita inafuata mraba wa volti. Volti 230 zikishuka mpaka 200, hita ya wati 1000 inabaki kama 756. Ile 0.028 yako inakuwa 0.021, na kile kipimo kinatoka 4 kinakuja 3. Tatu bado inavumilika. Lakini kama ulitoka hesabu yako ikiwa 1.5 mchana, usiku utaona vituko. Mi namshauri mtu apime saa zilezile atakazofanyia kazi, au apeleke I sekunde 900 alale.

Ototyuni, yaani kontrola kujitafutia namba yenyewe? Inafanya kazi, ni ile njia ya Åström na Hägglund ya 1984, inawasha na kuzima hita makusudi inaangalia wimbi. Ila kwa rikta inayopoa taratibu hivi, kupanda na kushuka havifanani, na namba inazotoa mara nyingi ni za I fupi. Itumie kama huna muda, kisha angalia kile kipimo cha 4.

Hatua ya 7: Kuwasha

Usiruke kutoka 30 mpaka 60 ukiwa kwenye oto (kontrola ikijiendesha yenyewe), I itajaza daftari la madeni njia nzima na ikifika 60 itapita. Panda kwa manyuo mpaka 55, halafu ingia oto. Yetu ilipita kidogo ikarudi, baada ya hapo ikakaa ndani ya nusu digrii. Dada akapiga picha kioo cha kontrola kama mtu aliyezaa.

Hatua ya 8: Methanoli

Kwa uwiano wa moli 6 kwa 1, lita 10 za mafuta zinataka methanoli kama lita 2 na nusu. Ukiimwaga yote ikiwa na joto la chumba, rikta inashuka kama digrii 5 na nusu kwa mkupuo, kontrola inafungua hita wazi, na saa ya mmenyuko wako inaanza ukiwa kwenye 54 wakati daftari limeandikwa 60. Peleka mafuta kwenye 65 hivi kabla hujaimwaga, sio zaidi, wakati huo kondensa maji yanapita tayari, halafu imwage taratibu. Ikishachanganyika rikta imekuwa nzito zaidi kwa kama robo, kipimo cha 4 kinashuka tena kidogo, ndo sababu nyingine ya kupenda I ndefu.

Rikta usiizibe, ipumue kupitia kondensa. Mvuke wa methanoli unashika moto kuanzia nyuzi 11 hivi, na Dar huwa hakupoi kiasi hicho, pia moto wake mchana hauonekani vizuri. Boksi la SSR na swichi zote ziwe mbali, madirisha wazi, glavu mkononi. Na kile kichocheo cha maganda kitoe kwenye chupa iliyofungwa dakika ya mwisho, kikikaa wazi kinavuta unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani, na kwa unyevu wa huku haichukui muda.

Ukikwama, nitumie namba tatu za hatua ya 4, na uniambie P ya kontrola yako ni gaini au bendi. Bila hiyo siwezi kukusaidia.