Namna ya kuwasimulia wakulima wa korosho maisha ya mbunge wa Kerala

Mimi ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, huku Newala, mkoani Mtwara. Siku ya mnada watu wanafika alfajiri, bei zinasomwa jua likiwa limeshapanda, na katikati hapo ni kukaa kivulini na kupiga soga. Msimu mmoja mzee mmoja akaniuliza: "Karani, korosho zetu zinakwenda India, mnasema Kollam huko Kerala, kina mama wanakaa kuzibangua. Hao nao wana mbunge wao?" Nikasema wanaye, nitawaletea habari za mmoja. Mara ya kwanza nilivuruga vibaya sana. Kama nawe umeombwa kusimulia habari za aina hii, kwenye baraza, darasani au redio ya jamii, anzia pale nilipojikwaa mimi.

Neno jimbo ndilo litakalokuangusha. Kwetu jimbo ni eneo la uchaguzi: Newala Mjini, Newala Vijijini. India jimbo ni Kerala nzima, na lina serikali yake na bunge lake. Niliposema "mbunge wa jimbo la Kerala", watu wakaelewa ni mtu mmoja anayewakilisha eneo lote lile, na kijana mmoja akauliza anatumia pikipiki gani. Siku hizi nasema "mbunge wa Bunge la Kerala", kisha nawavusha bahari mpaka Zanzibar. Nawaambia: yule ni kama mjumbe wa Baraza la Wawakilishi, na anayekwenda Delhi ndiye kama wetu anayekwenda Dodoma. Mfano huo una kasoro, maana Zanzibar ni moja na India ina majimbo 28, lakini wazee wanaushika mara moja. Hata kiongozi wa serikali ya jimbo nimempatia jina hukohuko: Waziri Kiongozi, cheo ambacho Zanzibar ilikuwa nacho mpaka 2010. Ukisema "Waziri Mkuu" utamchanganya na yule wa Delhi, na hutatoka hapo.

Takwimu toa chache. Bunge la Kerala lina viti 140 vya kuchaguliwa, muhula ni miaka 5, mgombea awe ametimiza miaka 25. Kwetu ni 21. Vijana watanung'unika kwa niaba ya wenzao wa India, waache wanung'unike, wameshaanza kusikiliza.

Halafu chagua mtu mmoja. Mimi nilimchagua K. R. Gouri Amma, kwa sababu habari yake ni habari ya shamba. Fanya mazoezi ya jina kabla ya kusimama. Watu wa Kerala wengi huanza na herufi, moja ya jina la nyumba ya ukoo, nyingine ya baba. Hapa R ni Raman, babake. Usimwite "Mama Gouri Amma" kama nilivyomwita mimi, kwani amma kwa Kimalayalam, lugha ya huko Kerala, ni mama, na mjuzi mmoja aliyewahi kufanya kazi na Wahindi bandarini Mtwara alinicheka mbele ya watu.

Usianze na kuzaliwa. Nilianza na 1919, nikaendelea na masomo yake ya sheria, na nilipofika alipofungwa jela watu walishaanza kuulizana bei ya sulfa, dawa ya mikorosho. Anza 1957. Jimbo lenyewe ndiyo kwanza limetimiza miezi michache, lilizaliwa Novemba 1956, na kura zinawaingiza wakomunisti madarakani. Gouri Amma anapewa wizara ya mapato, ambayo huko ndiyo inayoshika ardhi. Ndani ya siku chache serikali inapiga marufuku kumfukuza mkulima kwenye shamba alilokodi. Hapo simama, uwaache wafikiri. Huku kwetu mtu akiweka mikorosho yake rehani anapalilia, anapulizia dawa, na msimu ukifika mavuno ni ya mwingine. Sihitaji kumweleza mtu wa Newala maana ya kulimia mti usio wako. Nikishataja rehani, kivuli chote kinanyamaza.

Kisha peleka mambo haraka. Muswada wa ardhi unapita bungeni 1959, na mwaka huohuo, Julai, Delhi inaivunja serikali. Watu watauliza inawezekanaje. Wajibu kwa ufupi: katiba ya India inairuhusu serikali kuu kulishika jimbo mikononi mwake. Mageuzi ya ardhi yalikuja kukamilika baadaye, na kuanzia Januari 1970 mkulima wa kukodi akapata haki ya kumiliki alicholima. Usiingie kwenye vifungu vya sheria. Mimi niliingia, na mzee akanisaidia kwa kukohoa.

Ndoa usiifiche, maana wataiuliza tu. Mwaka huohuo wa 1957 aliolewa na T. V. Thomas, waziri mwenzake katika baraza lilelile. Chama chao cha kikomunisti kilipogawanyika 1964, mke akaenda upande huu, mume akabaki ule. Kina mama wa ghalani waliishika hii kuliko habari yote ya ardhi. "Walilala nyumba moja?" Nikawaambia walitengana, na Thomas alifariki 1977. Bibi mmoja akasema siasa ni mke mwenza. Basi ukisimulia, weka nafasi ya maneno kama hayo, usiharakishe kurudi kwenye karatasi yako.

Sehemu ya mwisho ni ya kiti chake. Kwa miaka mingi alishinda Aroor, wilaya ya Alappuzha. Mwaka 1994 chama chake kilimfukuza, akiwa na miaka 74. Taja umri huo polepole. Akaunda chama chake, akarudi Aroor, akashinda tena, na 2001 akawa waziri wa kilimo ndani ya muungano aliokuwa akipingana nao zamani. Wapo watakaosema alihama kwa uchu wa cheo, wapo watakaosema alifukuzwa, angefanyaje. Usiwaamulie. Mimi nina upande wangu, lakini siku ile niliuweka mfukoni. Aliangushwa Aroor 2006, akafariki Mei 2021 akiwa na miaka 101.

Jambo moja la kujiandaa nalo: wataulizia wabanguaji. Mzee aliyenituma habari hii alinisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta kofia yake, akasema, "Umeniletea waziri wa mashamba, karani. Mimi niliuliza mbunge wa wale kina mama wa Kollam." Nilikuwa nimejisahau kabisa. Bei zikaanza kusomwa, ikawa ndiyo pona yangu. Mnada unaofuata nitamletea wa Kundara, wilaya ya Kollam: J. Mercykutty Amma, aliyekuwa waziri wa uvuvi na viwanda vya korosho tangu 2016, akapoteza kiti chake 2021.