Oili ya difu ya lori: namna ya kuichagua kabla hujafungua nati

Injini ikikosa oili, taa inawaka kwenye dashibodi. Difu, yaani gia za ekseli ya nyuma zinazopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, hazina taa kwenye malori mengi tunayoendesha. Zinakaa kimya kule chini, zimefunikwa na tope, na siku utakayosikia difu inalia ujue krauni, gia kubwa ya ndani, imeshaanza kuliwa. Ndiyo maana kabla ya kufungua nati yoyote nataka dereva na fundi wakae chini kwanza wakubaliane oili gani inaingia.

Hatua ya 1: Ijue difu uliyonayo

Chukua brashi na maji, osha mgongo wa ekseli mpaka uone kibati chake. Namba zilizogongwa pale, pamoja na namba ya chesisi, ndizo utakazozitafutia kwenye kitabu cha gari. Usitegemee jina lililo mbele ya kabini, maana malori mawili ya kampuni moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na ekseli tofauti.

Kisha tazama habu za nyuma. Kama habu ni nene na ina nati ya oili usoni, una gia nyingine ndani ya tairi, na hizo nazo zinahitaji oili. Kama habu ni nyembamba, kazi yote inafanywa na krauni na pinia, gia ndogo inayoizungusha, peke yake. Difu nyingi za namna hii ni za haipoidi, yaani pinia imekaa chini ya mstari wa katikati wa krauni. Kwa hiyo meno yanasukumana na papo hapo yanasuguana kwa urefu wake. Huo msuguano ndio unaoamua oili.

Hatua ya 2: Geuza dumu, tafuta GL-5

Mbele ya dumu kuna picha ya lori na maneno matamu. Yaache. Geuza nyuma usome maandishi madogo: API GL-5, yaani daraja la oili ya gia. Oili ya daraja hili ina dawa za salfa na fosforasi kwa wingi. Meno yanapobanana mpaka utando wa oili ukakatika, joto la pale pale linaifanya dawa hiyo ishikane na chuma na kutengeneza ngozi nyembamba. Inayochunika ni ile ngozi, jino linabaki salama. Harufu kali unayoisikia ukifungua dumu ni hiyo salfa.

GL-4 nayo ina dawa hizo, ila kidogo. Niliwahi kuitwa Iringa kwenye lori lililopanda mlima Kitonga na shehena ya mbolea. Dereva aliniambia, "Fundi, mlio ulianza Ruaha Mbuyuni, nikadhani ni tairi." Tulipotoa difu, meno ya krauni yalikuwa na mistari kama iliyopitishwa kitana, yote inaelekea upande mmoja, na ncha za pinia zimegeuka bluu kwa moto. Gereji iliyomhudumia kabla ya safari ilimalizia kwenye difu oili ya GL-4 iliyobaki baada ya kujaza giaboksi. Oili ilikuwa mpya kabisa, safi, na ujazo umekamilika. Ilikosea mahali tu.

Kinyume chake pia ni hatari. Usichukue GL-5 ya difu ukaiweka kwenye giaboksi bila kitabu chake kuruhusu, kwa sababu dawa zake zinaweza kula singi za shaba zilizomo humo, yaani ringi zinazosaidia gia kuingia kwa ulaini.

Hatua ya 3: Tafuta namba ya mtengenezaji

GL-5 ni mlango wa kuingilia tu. Kitabu kitakutajia namba zaidi: Scania wanataja STO 1:0, Mercedes-Benz wana 235.0 kwa oili ya kawaida na 235.8 kwa ya sinthetiki, MAN wana 342, Volvo wana 97312. Namba hiyo iwe imeandikwa kwenye dumu lenyewe, herufi kwa herufi. Ukiona SAE J2360 nalo ni jambo jema, maana oili hiyo imepita majaribio mengi kuliko GL-5 tupu. Muuza duka akikwambia "hii inaingia gari zote", mwombe akuonyeshe namba.

Hatua ya 4: Chagua uzito

Hapa ndipo tunapobishana sana gereji. Wengi wanaamini kadiri oili inavyokuwa nzito ndivyo inavyolinda, kwa hiyo lori likibeba sana wanakimbilia 85W-140. Si kweli kila mara.

Namba ya pili ndiyo uzito, yaani mnato, wa oili ikiwa imechemka. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, oili ya 90 ina mnato wa kati ya sentistoki 13.5 na 18.5. Ile ya 140 ni kati ya 24 na 32.5. Ni tofauti kubwa. Oili nzito kuliko iliyotakiwa inakorogwa kwa nguvu na krauni, inazalisha joto, inakula dizeli, na inachelewa kufika kwenye beringi za pinia asubuhi. Kwa upande mwingine, tipa la machimboni linalotembea polepole na mzigo mkubwa kutwa nzima kwenye joto linaweza kuihitaji kweli, kama kitabu kinairuhusu.

Namba yenye W inahusu baridi. 85W inapimwa kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri. Makambako mwezi wa Julai kuna baridi ya kutetemesha, lakini haifiki huko. Kwa barabara zetu, basi, usilipe pesa kwa ajili ya W. Angalia namba ya pili. Na usilinganishe na oili ya injini: vipimo ni viwili tofauti, na 90 ya difu ina uzito unaokaribiana na 40 au 50 ya injini.

Hatua ya 5: Ya kawaida au sinthetiki

Lori la Dar hadi Tunduma na kuendelea, linalotembea siku nzima, mimi nalitilia sinthetiki ya 75W-90 pale kitabu kinapoikubali. Haipungui uzito haraka ikichemka, na inakaa muda mrefu kabla ya kumwagwa. Lori linalovuka maji na matope ya saiti litaingiza uchafu mapema, kwa hiyo oili ya kawaida inayobadilishwa mara kwa mara inalifaa zaidi. Usichanganye hizo mbili ili kujazia pengo.

Hatua ya 6: Mwaga, na uisome iliyotoka

Fanya kazi hii lori likitoka safari, oili ikiwa ya moto, mahali tambarare, tairi zimewekewa vigingi. Fungua kwanza nati ya kujazia. Nimeona mtu amemwaga oili yote kisha nati ya juu ikagoma, na lori likalala hapo.

Nati ya chini ina sumaku. Ifute kwa kidole. Ukipata uji mweusi laini kama masizi ya sufuria, hiyo ni kawaida. Ukipata vipande vinavyochoma kidole, simama, usijaze kitu, difu ifunguliwe. Oili nyeupe kama chai ya maziwa ina maji. Oili yenye harufu ya kuungua imepata joto kupita kiasi, tafuta sababu kabla ya kuweka mpya.

Lori lenye difu mbili lina difu ndogo ya kugawa nguvu kwenye ile ya mbele. Baadhi zina nati yake ya kujazia, na ndiyo inayosahaulika. Habu za gia zungusha mpaka nati ikae chini, mwaga, kisha ukijaza fuata alama iliyoko usoni.

Hatua ya 7: Jaza hadi mdomoni

Oili ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu mpaka ianze kutiririka. Kuigusa kwa ncha ya kidole kilichopinda ndani haitoshi. Subiri dakika kadhaa, maana inatambaa kuelekea kwenye ekseli, kisha ongeza.

Kabla ya kufunga, safisha kipumulio juu ya difu. Kikiziba kwa tope, hewa ya moto inasukuma oili ipite kwenye sili, na sili ya habu ikivuja oili inaishia kwenye bitana za breki. Mteremkoni hapo hakuna oili itakayokuokoa.

Baada ya safari ya kwanza rudi chini ya lori, tazama sili na nati zote mbili, kisha pima ujazo tena difu ikiwa imepoa.